Neno Hili Umelitoa Wapi?



Juma lililopita, tulipomaliza mkutano wa kikundi na kisanduku kikafungwa, mama mmoja anayeuza sambaza kule Kituku alituvuta pembeni. Binti yake yuko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha hapa mjini. Minervali imekwisha kulipwa, kwa shida, kidogo kidogo. Sasa binti ameomba dola 80 nyingine. « Mwalimu, » akasema yule mama, « anasema ni feza ya memwari. Mi niko nauzisha samaki, sijue mambo ya memwari. Lakini muniambie ukweli: hii dola makumi nane inanunua nini? »

Tulimwita binti. Alibaki akiangalia viatu vyake. Kisha akasema kuna kijana wa sekreteria moja, pale wanapopiga fotokopi, anayewaandikia wanafunzi. Unamletea kichwa cha kazi, naye anakurudishia kurasa 45 zimefungwa vizuri, karatasi ya plastiki mbele, kadi ngumu nyuma. « Wote banafanyaka hivyo, mwalimu. »

Hatukumkaripia. Hatukuwa na uso wa kumkaripia, na sababu yake tutawaambia.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni walimu. Tulisomea ualimu wakati wa mpango wa zamani, ule wa miaka mitatu ya graduat na miaka miwili ya lisansi. Mwisho wa mwaka wa tatu kila mwanafunzi alipaswa kuandika kazi yake ndogo ya kumaliza, TFC kama tunavyosema wote. Somo la kutufundisha namna ya kutafuta na kuandika lilikuwako. Lakini tulilisoma kama vile mtoto anavyosoma katekisimu: kukariri, kuandika siku ya mtihani, kusahau kesho yake. Tulikuwa wengi katika ukumbi mmoja, silabisi ilipita mikono kumi kabla ya kukufikia, na hakuna aliyetushika mkono siku hata moja ili atuingize katika bibilioteke na kusema: hapa ndipo pa kuanzia.

Basi mmoja wetu (hatutasema nani, na tafadhali msiulize mkituona njiani) alinunua kazi yake. Mwenye sekreteria alichukua kazi ya mwanafunzi mwingine juu ya wauzaji wa samaki wa Kisangani, akafuta neno Kisangani kila mahali na kuweka Goma. Siku ya kutetea, lekteri akafungua ukurasa wa 27, akavaa miwani yake polepole, akauliza: « Umeandika hapa kwamba wauzaji wa Goma wanangojea pirogi kandokando ya mto. Ni mto gani huo? »

Ninyi mnajua. Goma ni mawe ya volkano, mvua ikinyesha inazama chini papo hapo. Tuna ziwa. Mto hatuna. Ukumbi mzima ulicheka, kisha ukanyamaza, maana mama mzazi alikuwa amekaa nyuma na sufuria za wali wa sherehe. Kazi ilirudishwa. Mwaka ulipotea. Mbuzi wawili waliouzwa Rutshuru kwa ajili ya kazi hiyo hawakurudi.

Tangu siku ile tumejifunza tena, tukiwa watu wazima, kile tulichopaswa kujifunza tulipokuwa na miaka 20. Tunataka kuwaelezea wamama, kwa sababu ninyi ndio mnaolipa, na mara nyingi mnalipia kitu ambacho hakuna aliyewaonyesha.

Daftari la AVEC

Tuanze na kitu mnachokijua kuliko maprofesa. Katika AVEC zetu kila mama ana kijitabu chake. Akinunua hisa tatu, mihuri mitatu inapigwa mbele ya macho ya wote. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wanaokaa nyumba mbalimbali. Kwa nini taabu hiyo yote? Ili siku ya kugawana, mtu akiuliza « hii feza imetoka kwa nani? », jibu liwe limeandikwa tayari.

Kazi ya chuo kikuu ni vilevile. Kila wazo lililoingia ndani ya kazi lina mwenyewe. Wazo langu naliandika kuwa langu. Wazo la mwingine nalitumia, tena nina haki ya kulitumia, lakini naandika jina lake, kichwa cha kitabu chake, mji kilipochapishwa, nani alikichapisha, mwaka na ukurasa. Nikichukua maneno yake kama alivyoyasema, nayafunga ndani ya alama za kunukuu. Nikiyasema kwa maneno yangu mwenyewe, alama hazihitajiki, lakini jina lake bado linahitajika. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanaanguka: wanadhani wakibadilisha maneno mawili matatu, wazo limekuwa lao. Mama akichukua hisa za mwenzake na kuzipanga kwa noti ndogo ndogo, je, zimekuwa zake?

Na huu si utaratibu wa maprofesa tu. Nchi yetu ina sheria juu ya haki za waandishi, iliyotiwa sahihi tarehe 5 Aprili 1986. Kuiba maandiko ya mtu ni kuiba.

Wakati wetu wanafunzi waliogopa sana yale maneno mafupi ya Kilatini yaliyojaa chini ya kurasa. Nasi tuliyaandika bila kujua maana yake, kwa sababu yalipendeza. Ibidem maana yake ni « pale pale »: kitabu kilekile nilichotaja mstari wa juu. Op. cit. maana yake ni kazi iliyokwisha kutajwa. Basi. Siku hizi vyuo vingi vinapenda namna ya Wamarekani, ile inayoitwa APA, ambayo ilianza mwaka wa 1929 kwa kurasa saba tu za maagizo: jina la mwandishi na mwaka ndani ya sentensi yenyewe, kisha orodha kamili mwishoni. Chuo kikichagua hii au ile, si neno. Kubaya ni kuchanganya zote mbili katika kazi moja, ukurasa huu mto, ukurasa ule ziwa.

Kuingia bibilioteke bila kuogopa

Vijana wetu wengi wanamaliza masomo ya sekondari bila kuingia mara moja katika nyumba ya vitabu. Shule zetu nyingi hazina. Tunasema hivi kama walimu tunaofundisha kila siku: kitabu kimoja cha Kifaransa, darasa la watoto 60, mwalimu anakisoma kwa sauti na wao wananakili ubaoni. Mtoto aliyenakili ubao miaka 12, na kusifiwa kwa kunakili vizuri, anafika chuoni na kuambiwa kwamba kunakili ni dhambi. Hatushangai akipotea njia. Lawama hii ni yetu sisi walimu kwanza, kabla ya kijana wa sekreteria.

Siku ya kwanza bibilioteke inaogopesha. Kuna meza, kuna mtu nyuma ya meza, anakuomba kadi yako, anauliza unataka kitabu gani. Wewe hujui unataka kitabu gani. Ndiyo maana umekuja. Wengi wanarudi nyumbani hapo hapo. Tunawaambia wanafunzi wetu waseme hivi tu: « Ninaandika juu ya jambo hili. Nianzie wapi? » Mtu wa bibilioteke anafurahi akiulizwa hivyo, maana ndiyo kazi aliyosomea, na siku nzima watu wanamwomba chaki na ufunguo wa choo.

Vitabu havikupangwa ovyo. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alitoa mwaka wa 1876 mpango wa kuvipa namba: vitabu vya elimu ya jamii vinaanza na 300, na ndani yake mambo ya shule na malezi yako 370, udaktari uko 610, mambo ya nyumba, mapishi na ushonaji yako 640. Ukikuta kitabu kimoja kizuri kwenye 370, angalia majirani zake kushoto na kulia, kama vile sokoni Virunga ukimpata muuza maharagwe, wauza maharagwe wengine wako hapo hapo karibu.

Huko Brussels, Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianza mwaka wa 1895 kuandika kila kitabu cha dunia kwenye fishi, karatasi ndogo ngumu, na kuzipanga ndani ya vijidroo. Walifikia fishi zaidi ya milioni 12. Kuna jambo moja ambalo halikusemwa katika silabisi yetu, na sisi kama chama cha wamama tunalisema: dada yake La Fontaine, jina lake Léonie, aliona kwamba maandiko juu ya wanawake yanapotea katikati ya hayo mamilioni, akafungua mwaka wa 1909 ofisi ya kukusanya na kupanga habari za wanawake peke yake. Alitaka mwanamke anayetafuta haki yake apate karatasi ya kuonyesha.

Fishi bado ni njia nzuri kuliko zote, hata kwa mtoto mwenye telefone kubwa. Kabla ya kuandika neno moja kutoka katika kitabu, andika juu ya fishi jina la mwandishi, kichwa, mji, mwaka. Kisha ukurasa. Kisha ndipo maneno. Ukianza na maneno utasema « nitaandika jina baadaye », na baadaye hiyo tunaifahamu: ni saa sita ya usiku, umeme umekatika, kesho ni kupeleka kazi, na hukumbuki kabisa kama sentensi hii nzuri ni yako au ya nani. Wengi walioitwa wezi walianzia hapo. Hawakukusudia kuiba, hawakuandika tu siku ya kwanza.

Neno ulilotafuta likikataa kutoa kitu, tafuta jamaa zake. Ukiandika « wauza samaki wa Goma » ukakosa, jaribu biashara ndogo, jaribu soko, jaribu Ziwa Kivu, jaribu kazi za wanawake mijini. Na ukipata kitabu kimoja kizuri, usikifunge kabla ya kusoma orodha iliyo nyuma. Mwandishi amekwisha kukutembelea njia: pale ametaja wote aliowasoma. Kitabu kimoja kinakupeleka kwa ndugu zake, nao wanakupeleka kwa wajomba.

Sambaza walitoka wapi?

Turudi kwa binti wa Kituku. Kichwa cha kazi yake kilikuwa wanawake wanaouza sambaza. Tulimwuliza atuonyeshe kile alichokwisha kuandika mwenyewe. Ilikuwa kurasa tatu, na sentensi ya kwanza ilisema kwamba tangu zamani za mababu watu wa Kivu waliishi kwa kuvua sambaza.

Neno hili umelitoa wapi? Akasema: « Kila mtu anajua. »

Wamama, kila mtu hajui. Sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ndugu za ndagala, na waliletwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Majina yao ya kisayansi ni Limnothrissa miodon, na mtu akiyaandika hayo katika mashine ya kutafuta atapata maandiko mengi ya wachunguzi wa samaki. Mababu zetu walivua samaki wengine katika ziwa hili, lakini sambaza hawakumjua. Binti alishtuka kama mtu aliyeambiwa kwamba shangazi yake si shangazi. Amekula sambaza tangu meno yake ya kwanza, masomo yake yote yamelipwa na sambaza.

Hiyo ndiyo faida ya bibilioteke tunayotaka mwione. Haikai pale kwa kupamba kazi na majina ya Wazungu. Inakuzuia kusema uongo bila kujua. Na kwa binti huyu ilifungua swali lenye nguvu kuliko lile alilokuwa nalo: ikiwa samaki huyu alikuja juzi, basi na kazi hii ya wamama ilianza juzi. Ilianza namna gani? Nani alikuwa wa kwanza kuuza? Kazi ya kijana wa sekreteria isingeuliza hivyo kamwe.

Wamama nao ni chanzo

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kuna wanaofikiri kwamba chanzo ni kitabu tu. Sivyo. Mama aliyeona jambo kwa macho yake ni chanzo, nayo inaandikwa kwa utaratibu wake: nani alisema, ana kazi gani, tulionana wapi, tarehe gani. Ikiwa hataki jina lake lijulikane, na katika nchi yetu kuna sababu nyingi za kutotaka, anaandikwa kwa herufi moja, na mwanafunzi anatunza jina kamili kwake. Lakini lazima aombwe kwanza.

Tunasema hivyo kwa sababu ninyi mnajua namna wanavyokuja. Mtu anafika sokoni na karatasi za maswali, anauliza unapata franka ngapi kwa siku, una watoto wangapi, bwana yuko wapi, kisha anaondoka na hamtamwona tena. Mna haki ya kuuliza: jina lako nani, unasoma wapi, haya maneno utayaweka wapi, na nitayaonaje? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Tunapenda kuwatajia mfano mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Buloho, upande wa Kalehe, ng'ambo ile ya ziwa, walichoshwa na ushuru waliotozwa juu ya mihogo waliyobeba mgongoni kwenda sokoni. Wakasimama na kukataa. Mwanamke mchunguzi kutoka Marekani, Catharine Newbury, aliandika habari yao katika gazeti la wachunguzi wa Canada mwaka wa 1984, na kichwa cha makala yake kinaitaja mihogo kwa lugha ya huko huko. Sisi tuliifikia makala hiyo namna gani? Si kwa akili nyingi. Tulikuwa tunasoma kitabu kingine juu ya Kivu, tukaona namba ndogo juu ya sentensi, tukashuka chini ya ukurasa, tukakuta jina na mwaka. Mtu mmoja alitaja vizuri, na kwa sababu hiyo wamama wa Buloho walitufikia. Asingetaja, tungepita juu yao bila kujua. Tangu hapo tukiona mwanafunzi anaruka zile namba ndogo tunaumia.

Na hapa kwetu kuna maandiko. Pole Institute ya Goma inatoa mafungu yake ya Regards Croisés tangu miaka mingi. Rift Valley Institute ilitoa, katika mpango wake wa Usalama, vitabu juu ya Kivu ya Kaskazini ambavyo vinasomwa bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa udaktari au wa uuguzi aulize chuo chake kama kimejiandikisha katika HINARI, mpango ulioanza mwaka wa 2002 na Shirika la Afya Ulimwenguni ili nchi kama yetu zisome magazeti ya kisayansi bure. Kuna wanaolipa fotokopi za miaka ya nyuma wakati maandiko mapya yako wazi, hawakuuliza tu.

Juu ya intaneti tuseme neno moja, kisha lingine. La kwanza: ukurasa wa intaneti unatajwa kama kitabu, na unaongeza tarehe uliyousoma, kwa kuwa kesho unaweza kuwa umefutwa. La pili ni la hatari. Siku hizi kuna zile programu za akili bandia zinazojibu kila swali na hata kuandika kazi nzima. Vijana wanazipenda kuliko hata kijana wa sekreteria, kwa sababu hazidai dola 80. Tulimwona mwanafunzi mmoja na orodha ya vitabu 12 aliyopewa na telefone yake. Tulitafuta. Vitano havikuwa duniani. Mwandishi alikuwa mtu wa kweli, mji ulikuwa mji wa kweli, kitabu hakikuwako. Sheria yetu nyumbani imekuwa hii: usitaje kitabu ambacho mkono wako haukukifungua, au jicho lako halikukiona mbele yako.

Hatusemi kwamba ni kazi nyepesi. Tangu vita ilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga, na kuna wanafunzi ambao daftari zao zilibaki katika nyumba walizokimbia. Kununua mega ni kuchagua kati ya mega na unga. Wakati huohuo mpango wa masomo umebadilika: tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyetu viko katika LMD, miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, mitatu ya doktora, na mwanafunzi anatakiwa kujitafutia mwenyewe zaidi kuliko zamani. Wanaambiwa watafute katika mji ambamo kutafuta kumekuwa ghali. Ndiyo sababu kijana wa sekreteria ana wateja.

Zoezi la nyumbani

Hamngojei chuo kikuu ili mwanze. Jioni moja, mwambie mtoto wako aulize watu watatu wa barabara yenu: volkano ilishuka lini? Mmoja atasema 2002, mwingine 2021, na mzee atasema kuna ile ya kwanza, wakati wa Zaire. Wote watatu wana haki: Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, ndipo lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni. Sasa mwulize mtoto: kila mmoja amejuaje? Aliona mwenyewe? Alisimuliwa? Alisoma? Mtoto wa miaka kumi anaweza kuandika majibu hayo katika daftari, jina la mtu na tarehe pembeni. Amekwisha kufanya fishi yake ya kwanza, na haikugharimu franka moja.

Sisi tumejaribu na darasa letu la sita. Mtoto mmoja alileta majibu ya watu saba na akadai aongezewe alama kwa kila mtu. Tulimwongezea.

Na dola 80? Mama wa Kituku alizirudisha chini ya kitenge chake. Alitoa dola sita kwa fotokopi na mega, akasema nyingine zitatoka kadiri atakavyoona karatasi. Binti anakwenda bibilioteke siku ya pili na siku ya ine asubuhi. Mara ya kwanza alirudi analia, kitabu alichotaka kilikuwa mikononi mwa profesa. Mara ya pili alirudi na fishi tisa.

Juzi alikwenda kwa nyanya yake, ambaye alizaliwa kandokando ya ziwa na alizeekea huko. Alimwuliza kama alipokuwa mtoto waliuza sambaza. Nyanya akacheka. Akasema la, zilikuja yeye akiwa tayari mwanamke, na watu wa kwanza waliziogopa, walisema samaki mdogo hivyo si chakula, ni mdudu. Yeye mwenyewe alianza kuuza kwa sababu hakuna aliyetaka kuzibeba. Binti aliandika yote, na tarehe, na mahali. Kisha akamwomba ruhusa kuweka jina lake katika memwari, akamwelezea kwamba litakuwa pale nyuma, katika orodha, pamoja na wale wachunguzi wa samaki.

Nyanya akafikiri. Akauliza kama wale wachunguzi wameandikwa majina yao yote mawili. Akaambiwa ndiyo. « Basi na yangu yote mawili, » akasema, « na uandike kwamba nilikuwa wa kwanza kwa soko letu. »

Binti amekuja kwetu na shida mpya: je, jambo hilo la kuwa wa kwanza analiandika kama kitu cha hakika, au anaandika kwamba nyanya ndivyo anavyosema? Tumemtuma arudi sokoni awaulize wazee wengine wawili.